Kila Alhamisi Mke Wangu Alimwaga Joto la Nyumba

Alhamisi moja ya Januari, saa nane mchana, nilimwona mke wangu akimwaga joto la nyumba yetu kwenye mtaro.

Sipigi mafumbo. Nasimulia nilichokiona kwa macho haya mawili, nimesimama dirishani na soksi tu miguuni, mkono mmoja kifuani palipokuwa na mshono.

Mpira wa maji ulikuwa umechomekwa kwenye koki ya chini nyuma ya jiko, ukakatiza uani mpaka mtaroni. Maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa meusi, yanafuka mvuke kwenye ile baridi.

Pembeni kasimama Menna. Koti kalifunga mpaka shingoni, mikono kaikunja, anasubiri yaishe.

Hakuwa na haraka. Hicho ndicho kilichonimaliza. Mtu anayefanya jambo kwa mara ya kwanza huwa anaangalia huku na huku. Yeye alikuwa anaangalia kucha zake.

Nikarudi kitandani, nikajifunika, nikafumba macho. Alipopanda kuniangalia, nilijifanya nimelala.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Emrys. Naishi Treherbert, juu kabisa mwa bonde la Rhondda, kule Wales. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kupasha nyumba za watu joto. Nyumba za huku zina boila, na kutoka kwenye boila maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta za ukutani, chumba kwa chumba. Yakigoma kuzunguka Januari, unalala na koti.

Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini, na ishirini na sita kati ya hiyo nilifanya na Idwal. Gari moja, mfuko mmoja wa vifaa, chupa moja ya chai. Jumatatu jioni tulikuwa kwaya moja ya wanaume, yeye sauti ya juu, mimi besi. Siku naoa, yeye ndiye aliyesimama kando yangu na pete mfukoni.

Menna alimwita shemeji. Idwal naye alimwita hivyo hivyo. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akimtaja mwenzake kwa jina.

Basi, Oktoba moyo ukanigomea. Nikapasuliwa kifua hospitali ya mjini, nikarudishwa nyumbani na karatasi ya masharti. Usinyanyue kitu kizito. Usipande ngazi ya kuegemeza. Usipigwe na baridi. Hilo la baridi walilipigia mstari.

Katikati ya Novemba, rejeta ya chumba cha nyuma ikaanza kuvuja. Mimi ndiye niliyempigia Idwal. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Akaja siku hiyo hiyo.

"Kaa chini wewe," akaniambia. "Leo mimi fundi, wewe mteja. Na wateja wanaojua kazi ndio nisiowapenda kuliko wote."

Tukacheka. Menna akatuletea chai na vile vikeki bapa vya zabibu anavyovichoma kwenye chuma. Siku njema kabisa.

Kubadilisha rejeta ile kulimlazimu amwage maji ya mfumo mzima. Na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilivyochezewa.

Darini kwetu kuna tangi dogo linalolisha mabomba yote. Ndani yake kuna boya. Maji yakipungua boya linashuka, koki inafunguka, tangi linajaa tena. Ukitaka kukausha mfumo, unalifunga boya juu kwa kamba ili lisishuke, kisha unafungua koki ya chini na maji yote yanatoka. Ukimaliza kazi unafungua kamba, maji yanarudi yenyewe.

Tatizo ni hewa. Maji yakirudi, hewa inabanwa kwenye kona za mabomba, na ikinasa maji hayapiti tena. Ikinasa pabaya, nyumba nzima inakuwa barafu. Kuitoa kunataka subira, unapita rejeta moja moja na kifunguo kidogo mkononi.

Yote hayo Menna alikuwa anayajua. Nilimfundisha mimi. Miaka kumi nyuma bomba lilipasuka nikiwa kazini mbali, nikamwelekeza kwa simu: panda darini, funga boya, shuka, fungua koki. Alifanya kama fundi. Nilimsifia baa wiki nzima, mpaka watu wakanichoka.

Idwal akaweka rejeta mpya, akajaza maji, akaondoka. Joto likawa zuri.

Alhamisi iliyofuata, jioni, rejeta za nyumba nzima zikapoa.

Sikushangaa. Hewa iliyonasa huwa inajificha siku kadhaa halafu inajitokeza. Menna akampigia Idwal, akasema atakuja Ijumaa mchana.

"Wewe huwezi kukaa humu na baridi hii," Menna akaniambia. "Nitakupeleka kwa wifi mpaka amalize."

Wifi yake ni Heulwen, dada yangu, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nyumba yake ina joto mpaka unavua sweta. Nikashinda kule, nikarudi saa kumi, nikakuta nyumba imepona. Menna naye kapendeza, nywele zimetengenezwa. Nikamwambia umependeza. Akacheka.

Alhamisi iliyofuata, tena.

Na iliyofuata.

Mtaniuliza, wewe fundi mzima ulikuwa wapi? Swali la haki, nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nyinyi. Nilikuwa nakunywa dawa zinazonilaza kila baada ya chakula cha mchana. Kichwa kilikuwa kizito. Na hata hivyo nilihoji. Nilimwambia Idwal angalia tangi, hewa inayorudi kila wiki ina mlango inaoingilia. Akanijibu kwamba ni matope ya zamani kwenye mabomba, anayasafisha kidogo kidogo. Nikasema nataka kupanda mwenyewe nione.

Wote wawili wakanikalia kooni. Menna akatoa machozi kabisa. Unataka kunifanya mjane kwa ajili ya tangi?

Nikaacha. Nilijiona nimepata bahati, nina mke na rafiki wanaonijali kiasi hicho.

Wiki ya nne baridi ya usiku wa Alhamisi ikaniingia kifuani. Nikarudishwa hospitali siku tatu, napumulia mpira puani. Menna alikaa kando ya kitanda ameshika mkono wangu. Idwal akaja na zabibu. Akazila nyingi yeye, kama kawaida yake, na akanichekesha mpaka muuguzi akatukanya.

Niliporudi nyumbani nilidhani sasa watalimaliza tatizo lile moja kwa moja.

Alhamisi, rejeta zikapoa.

Ndivyo tulivyokuwa mpaka ile Alhamisi ya Januari. Nilikuwa nimelala baada ya dawa, simu ya chumbani ikaita. Ilikuwa hospitali, wamebadilisha siku ya kuniona. Nilipoweka simu nikasikia maji yanatiririka uani. Nikaenda dirishani.

Mengine mmeyasikia.

Jioni ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Tumekaa sebuleni, nimejifunga blanketi mbili, pumzi inaonekana. Menna akasema hewa imenasa tena, jamani, mfumo huu una laana. Akaenda jikoni, akajaza maji ya moto kwenye ile chupa ya mpira ya kukumbatia, akaja akaniwekea tumboni na kunifunika vizuri.

Akanibusu paji la uso.

Bado nilikuwa namtafutia sababu. Labda Idwal kamwambia amwage maji kidogo kila wiki kusafisha matope. Labda wananificha ubovu wa mfumo nisipate wasiwasi. Mtu ukiwa umempenda mwenzio miaka ishirini na tisa, unamfanyia kazi ya uwakili bila kuombwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi akanifikisha kwa Heulwen. Akasema anakwenda sokoni Treorchy, kisha atamsubiri fundi.

Nilikaa kama nusu saa. Nikamwambia dada naenda duka la dawa mara moja.

Heulwen akasimama kati yangu na mlango, birika mkononi.

"Kunywa kikombe kingine kwanza."

Nikamwambia nimeshiba chai.

"Dawa nitakuchukulia mimi. Kaa, Emrys. Nje kunateleza."

Nikasema daktari ametaka nitembee. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasogea pembeni. Nilidhani ni barafu ya barabarani inayomtia wasiwasi.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikatoa ngazi, nikaiegemeza kwenye mlango wa dari.

Sitajifanya shujaa. Kila kipandio nilisimama nikausikiliza moyo. Nilikuwa na wiki kumi na mbili tu tangu wanifunge kifua kwa waya. Nilisema nikidondoka hapa, watakaonikuta ni hao hao wawili.

Nikafika. Nikamulika tangi na tochi.

Lilikuwa tupu. Boya limefungwa juu, kwenye kipande cha ubao kilicholazwa juu ya tangi, fundo safi kabisa. Kamba yenyewe ilikuwa ya buti, kahawia yenye madoa ya njano.

Niliijua. Nilishuka, nikafungua kabati la chini ya ngazi, nikatoa buti zangu za kazi. Zilikuwa zimekaa humo tangu Oktoba. La kulia lilikuwa na kamba yake. La kushoto lilikuwa limeachama.

Nikakaa sakafuni na lile buti mapajani. Sijui kwa muda gani.

Baadaye nikainuka nikafanya kazi yangu.

Nilipanda tena nikafungua boya, nikaacha tangi lijae. Nikaanza na rejeta za chini, kifunguo mkononi, nusu mzunguko, sauti ya hewa inatoka, mpaka maji yatoe tone. Nikafunga. Nikapanda juu, chumba kwa chumba. Chumba cha nyuma kikagoma. Bomba lake linapanda ukuta na kushuka tena, hewa ilikuwa imekaa pale kwenye mgongo wa bomba na haitaki kutoka.

Hiyo inatolewa kwa nguvu. Nikachukua mpira, ule ule, nikaunganisha upande mmoja kwenye bomba la jikoni na mwingine kwenye koki ya chini, nikafungulia. Maji yakaanza kusukuma mfumo kutoka chini kwenda juu. Nikasimama katikati ya jiko nasikiliza. Kimya. Kisha juu kabisa, darini, nikasikia tangi linatokota mapovu.

Hewa imetoka.

Nikafunga koki, nikawasha boila. Dakika ishirini, nyumba nzima ikaanza kuwa na joto. Nikakaa mezani na kamba ya buti mbele yangu.

Saa tano na ushee nikasikia gari la Idwal. Aliegesha mlangoni kabisa, mtaa mzima uone. Akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Shati limepigwa pasi, kanyoa vizuri, ananukia manukato.

Mfuko wa vifaa hana.

Aliponiona alisimama. Lakini Idwal ni mwepesi, akatabasamu haraka.

"Wewe si uko kwa dada? Nimekuja kwa ile hewa."

"Vifaa viko wapi?"

"Garini."

"Shika hiyo rejeta iliyo nyuma yako."

Akaishika. Akaondoa mkono haraka, ilikuwa inaunguza. Hapo ndipo macho yake yakashuka mezani, yakaiona kamba.

Miaka ishirini na sita tumefunga maboya pamoja. Hakuhitaji kuambiwa ile kamba ilikuwa inafanya kazi gani.

Niliomba moyoni aniulize hiyo ni nini. Angeuliza tu, nadhani ningemwamini. Nilikuwa tayari kabisa kumwamini.

Akasema taratibu, "Nilimwambia asitumie ya kwako."

Maneno manne. Basi.

Sikumpiga. Nisingeweza hata kama ningetaka. Nilimwambia akae, akakaa, na tukabaki tumetazamana kama watu wanaosubiri basi, mpaka mlango wa mbele ukafunguka.

Menna alilisikia joto kabla hajatuona. Nilisikia hatua zake zikisimama ukumbini. Alipotokeza, nywele zilikuwa zimetoka kutengenezwa, na mkononi hana hata mfuko mmoja wa sokoni.

"Umepanda darini," akasema. "Ungekufa, Emrys."

"Desemba nilikaribia kufa kwa baridi. Ulinishika mkono."

Akakaa na koti lake. Hakulia, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema yalianza kabla sijaugua, kiangazi, wakati nilikuwa nachukua kazi mpaka Jumapili. Nilipolazwa walitaka kuacha, wakashindwa. Na bonde hili dogo, gari la mwanamume likisimama mlangoni bila sababu, kufika jioni kila mtu anajua. Hivyo wakatafuta sababu.

"Ilikuwa siku moja tu kwa wiki," akasema. "Na nilihakikisha unakuwa penye joto."

"Usiku wa Alhamisi je?"

Idwal alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikavaa koti nikawaacha humo ndani, kwenye joto nililolitengeneza mimi.

Miguu ilinipeleka kwa Heulwen. Ndugu wa tumbo moja, ningekwenda wapi kwingine? Nikamkuta anakata mkate wa zabibu. Nikamwambia pale pale mlangoni, kwa mkato: Menna na Idwal wana uhusiano, na wamekuwa wakiipoza nyumba ili mimi niondoke.

Kisu kikasimama.

Nilitarajia aseme haiwezekani. Nilitarajia aulize una uhakika.

Akauliza, "Nani kakwambia?"

Nilimtazama dada yangu. Zile Ijumaa zote zikapita mbele yangu. Kikombe kingine kwanza. Subiri mvua ipungue. Kaa mpaka saa kumi, Menna amesema bado hawajamaliza. Leo asubuhi, birika mkononi, kanizibia mlango.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Alikuwa anajua tangu kabla ya Krismasi. Alikwenda nyumbani kunichukulia miwani, akawakuta. Menna akamwapisha. Akasema daktari kasema moyo wangu usishtuliwe, subiri nipone, watanieleza wenyewe wakati wa majira ya kuchipua.

"Nilifanya kwa ajili yako," Heulwen akasema, na yeye alilia. "Ningekwambia ukafa mikononi mwangu, ningeishije?"

"Na baridi ulijua inatoka wapi?"

Akaapa hakujua. Alidhani hewa ni ya kweli. Hilo namwamini mpaka leo. Lakini mengine yote alikuwa anayajua, na kila Ijumaa alinimiminia chai, akaniuliza Menna hajambo, nikamjibu hajambo, ananitunza vizuri.

Alinisikiliza nikisema hivyo wiki baada ya wiki.

Mambo yaliishia hivi. Menna alihama Februari, wakaenda kuishi pamoja pwani, Porthcawl. Idwal hakurudi kwaya, na hakuna aliyemtaja, walipanga tu viti upya. Sikumfuatilia. Juu yao hasira ilinitoka mapema kuliko nilivyodhani, pengine kwa sababu walikuwa wameondoka na sikuwa na wa kumtazama.

Heulwen alibaki mtaa wa tatu. Mwaka mmoja na miezi minne sikuvuka mlango wake. Tukikutana dukani namsalimia na kupita. Watu walimwonea huruma, wakaniambia dada yako hakufanya kosa, alikulinda.

Siku hizi tunaongea. Nampelekea kuni, ananipa supu. Lakini akiniambia kitu, hata kidogo, hata kwamba kesho kutanyesha, huwa nachungulia nje mwenyewe. Najua anaona nikifanya hivyo. Nimeshindwa kuacha.

Ninachotaka mkichukue ni hiki kimoja. Ukijua mtu wako anadanganywa, mwambie. Mwambie akiwa mgonjwa, mwambie akiwa amelala kitandani, kaa naye, mshike, ita daktari asimame mlangoni kama unaogopa. Mimi moyo haukusimama siku ile. Nilipanda ngazi mara mbili, nikatoa hewa nyumba nzima, nikamsikiliza rafiki yangu, nikamsikiliza mke wangu, na ukaendelea kudunda. Ulichonikinga nacho, dada, ningekiweza.

Nisichokiweza ni kukumbuka kwamba nilikuwa nakuhadithia jinsi ninavyopendwa, na wewe unaniongezea sukari.